Kipaji kipo, sasa mtoto afundishwe noti kabla ya Gredi ya 10

Mhariri,

Tafadhali tupe nafasi tuzungumze na wazazi wa Mombasa ambao watoto wao wako Gredi ya 9 na wanafikiria kuchukua Muziki na Dansi watakapoingia sekondari ya juu. Somo hilo limo katika njia ya Sanaa na Sayansi ya Michezo, mojawapo ya zile njia tatu anazochagua mwanafunzi. Watoto wengi wa Pwani wanalielekea kwa sababu ya kweli kabisa: wana sauti, wana mkono wa ngoma, wamekulia kwaya, kasida au taarabu. Lakini siku ya kwanza darasani kipaji hicho hukutana na karatasi. Mwalimu anachora stafu ubaoni, ile mistari mitano ya kuandikia noti, anaweka flati tano (alama za kushusha noti) mwanzoni mwake, na mtoto aliyekuwa akiongoza kwaya nzima ananyamaza kwa sababu hajui ile ni kii gani, yaani noti ipi ndiyo do.

Sisi ni walimu wa muziki hapa mjini, na tunaloomba ni jambo moja. Mtoto afike Gredi ya 10 akiweza kusoma na kuandika kile ambacho sikio lake tayari linakijua. Muda upo. Mtihani wa kumaliza Gredi ya 9 huisha mwanzoni mwa Novemba na wanafunzi huripoti Januari, kiasi cha majuma tisa. Saa moja kwa siku, siku sita kwa juma, ni saa 54. Mtoto aliyeanza bila kujua mstari wala nafasi anaweza, kwa saa hizo, kufika pa kusoma wimbo mwepesi wa vipimo vinane (kipimo ni nafasi iliyo kati ya mstari wima mmoja na mwingine), kuandika skeli, yaani ngazi za noti, za meja na maina zenye alama hadi nne, na kupokea imla fupi ya muziki, yaani kuandika kile anachopigiwa. Tunaigawa saa hiyo hivi: dakika 15 za mapigo, 15 za kusoma na kuandika noti, 10 za kusikiliza, na 20 za ala au sauti. Saa moja kila siku inazidi saa sita za Jumamosi, kwa sababu jicho hujifunza noti kama lilivyojifunza herufi, kidogo kidogo, mpaka kutambua kusihitaji tena kuhesabu.

Anzeni na mapigo kabla ya sauti. Semibrivi ni noti ya mapigo manne, minimu mawili, krocheti moja, kweva nusu, semikweva robo. Nukta inayofuata noti huiongezea nusu ya thamani yake, hivyo minimu yenye nukta ni mapigo matatu na krocheti yenye nukta ni pigo moja na nusu. Mguu ushike pigo, mikono ipige noti, mdomo uhesabu kwa sauti. Vyote vitatu pamoja, hata kama mtoto anaona haya. Kosa la kwanza huonekana kwenye kimya: mtoto akifika penye alama ya kunyamaza anakimbilia noti inayofuata, maana kichwani mwake kimya hakina urefu. Dawa yake ni kuhesabu kimya kwa mnong'ono. La pili ni la macho. Kimya cha semibrivi huning'inia chini ya mstari wa nne, cha minimu hukaa juu ya mstari wa tatu, na mistari huhesabiwa kutoka chini kwenda juu. Wanaovichanganya hawa ndugu wawili ni wengi, na kila anayevichanganya huharibu hesabu ya kipimo kizima.

Katika 6/8, yaani kipimo cha kweva sita, mtoto wa Mombasa ana akiba asiyoijua. Chakacha aliyoisikia kwenye harusi tangu yuko mgongoni inayumba humo humo: mapigo mawili makubwa, kila moja likibeba madogo matatu. Anaicheza bila kukosea, lakini akiiandika anaiandika 3/4, kwa kuwa 3/4 nayo ina kweva sita. Tofauti iko kwenye kugawa. 3/4 ni krocheti tatu, kila moja kweva mbili. 6/8 ni krocheti mbili zenye nukta, kila moja kweva tatu. Kwa hiyo katika 6/8 kweva hufungwa kwa mafungu ya tatu tatu, na mwenye kuzifunga mbili mbili amebadilisha mdundo hata kama jumla imetimia. Zoezi lake: mguu ukanyage mara mbili, mikono ipige sita sawasawa. Likikaa, mguu uendelee na mbili zake huku mikono ikipiga tatu. Hapo mtoto ameshika tatu juu ya mbili, jambo ambalo ngoma zetu hulifanya kila siku na ambalo vitabu huliweka mbali sana mbele.

Kwa upande wa noti, hatupendekezi zile sentensi za kukariri majina ya mistari. Anayezitegemea huzirudia tangu mwanzo kwa kila noti, na kusoma papo kwa papo hakumngojei. Afadhali ashike alama tatu za njia. Ufunguo wa trebo, alama ya mwanzo wa stafu ya sauti za juu, umejikunja kwenye mstari wa pili, hapo ni G. Vitone viwili vya ufunguo wa besi, ule wa sauti za chini, vimeuzunguka mstari wa nne, hapo ni F. C ya kati iko kwenye kijistari kimoja chini ya trebo, au kimoja juu ya besi. Noti nyingine zote azifikie kutoka hapo kwa kupanda na kushuka. Akiweza kutaja noti 20 kwa dakika moja, katika kila ufunguo, yuko tayari. Na mkono uandike: kijiti cha noti iliyo chini ya mstari wa kati hupanda kutoka upande wa kulia, cha iliyo juu yake hushuka kutoka upande wa kushoto, na shapu (alama ya kupandisha noti) au flati hukaa kabla ya noti, juu ya mstari ule ule au ndani ya nafasi ile ile. Shapu iliyowekwa baada ya noti, kama tunavyotamka "F shapu", ni kosa tunalolisahihisha kila muhula.

Waliokulia kwaya za makanisa wana daraja tayari, nayo ni solfa, yale maandishi ya do, re, mi. Mtoto achukue ukurasa mmoja wa solfa anaouimba na kuuhamishia kwenye stafu. Kama juu pameandikwa kii G, do ni G, na mwanzoni mwa stafu aweke shapu moja kwenye F. Nukta pacha katika solfa hutenganisha mapigo, nukta moja hugawa pigo nusu kwa nusu, mkato hugawa robo, na kistari huendeleza sauti iliyotangulia. Kazi ya ukurasa mmoja namna hiyo inafundisha zaidi ya kurasa kumi za kunakili. Mtego uko kwenye fe na ta. Fe ni fa iliyopandishwa nusu toni (hatua ndogo kabisa kwenye kinanda), kwa hiyo katika kii G ni C shapu. Ta ni ti iliyoshushwa, na wengi huandika F flati kwa kuwa wamesikia neno kushusha. La. Ti ya kii G ni F shapu. Ikishuka nusu toni inakuwa F ya kawaida, na alama yake ni ile ya kufuta shapu.

Tukirudi kwenye zile flati tano: flati hufuatana kwa mpangilio usiobadilika, B, E, A, D, G, C, F, na ile ya kabla ya mwisho ndiyo jina la kii ya meja. Tano ni B, E, A, D, G. Ya kabla ya mwisho ni D, basi ni D flati meja. Shapu zinakwenda kinyume, F, C, G, D, A, E, B, na kii ya meja iko nusu toni juu ya shapu ya mwisho. Mtihani huu mdogo ukipita, maina ni rahisi: shuka nusu toni tatu kutoka do ya meja utaipata ndugu yake inayotumia alama zile zile. Kinachosahaulika ni noti ya saba. Katika maina ya hamoniki noti ya saba hupandishwa nusu toni, na alama yake haiandikwi mwanzoni mwa stafu bali pembeni ya noti yenyewe kila inapotokea katika kipimo kipya.

Kupandisha huko kunaacha pengo la nusu toni tatu kati ya noti ya sita na ya saba. Kwingineko walimu wanahangaika kuwafanya wanafunzi waliimbe. Hapa petu mtoto aliyezoea udi na fidla za taarabu analijua pengo hilo kwa jina la hijazi, mojawapo ya maqamu, yaani skeli za Kiarabu. Hijazi inayoanzia D ni D, E flati, F shapu, G, A, B flati, C. Zipange upya kuanzia G na utakuta ni G maina ya hamoniki, noti kwa noti. Mwalimu anayeanzia hapo hana haja ya kulazimisha sikio, atakuwa anataja tu jina la pili la kitu kinachojulikana. Tahadhari ni moja. Maqamu za rasti na bayati zina sauti ambazo haziko kwenye kinanda, zilizo kati ya flati na noti ya kawaida. Mtoto mwenye sikio la rasti anaweza kusikia E ya imla na kusitasita. Aambiwe mapema kwamba imla ya shule hutumia nusu toni peke yake, wala asione kwamba sikio lake lina kasoro.

Sasa kuhusu vinanda vya makanisa na vya bendi za harusi. Vina kitufe cha kuhamisha kii, na vijana wengi hupiga kila wimbo kwa vidole vya C kisha wakakiachia kitufe kazi iliyobaki. Ibada inaendelea, hatuna ugomvi na hilo. Lakini mtoto anayejiandaa kwa masomo ya juu akizime tangu leo. Skeli zinatahiniwa kwa mkono, na kitufe hicho kinamnyima mambo mawili: mkono haujui njia ya kii nyingine, na jicho linaona C wakati sikio linasikia E flati, hivyo kusoma na kusikia vinaachana. Tuanze na C, G, F, D na B flati, kii moja kwa juma. Katika C mkono wa kulia hutumia vidole 1-2-3, kidole gumba kipite chini, halafu 1-2-3-4-5. Katika F hesabu hiyo inagoma, kwa sababu gumba lingeangukia B flati, ambayo ni kibonye cheusi kifupi, na kiganja kizima kingepinda. Kwa hiyo F ni 1-2-3-4, gumba lipite na kutua kwenye C, kisha 2-3-4. Mzee akitaka kujua kama mwanawe anafanya mazoezi kweli, na amwombe F meja.

Metronomu za simu, programu zinazopiga mapigo sawasawa, ni za bure na zinatosha. Anza na mapigo 60 kwa dakika, kweva mbili kwa pigo, na usiongeze mpaka skeli au kipande kipite safi mara tatu mfululizo. Ukiongeza, ongeza manne tu. Mtoto anayepiga kwa kasi na kukosea mahali pale pale mara kumi ameufundisha mkono kosa mara kumi, na mkono hausahau. Kosa lingine ni kuanza kipande mwanzoni kila siku. Vipimo vinne vya kwanza vinang'aa, vya mwisho havijawahi kusomwa kwa utulivu. Anza na vipimo viwili vigumu zaidi, uunganishe na kimoja kabla na kimoja baada, ndipo upige chote.

Kutunga sauti kwa maneno uliyopewa ni zoezi la kawaida katika masomo ya juu ya muziki, na maneno hayo yanaweza kuwa ya Kiswahili. Katika mji wa washairi kama huu watoto wetu wangepaswa kuongoza hapa. Wanapoteza alama kwa sababu hawajaonyeshwa kwamba mizani ya shairi, yaani hesabu ya silabi zake, na kipimo cha muziki ni ndugu, na ndiyo maana tutakaa hapa kidogo.

Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Silabi inayokazwa inataka pigo zito, yaani pigo la kwanza la kipimo, au noti ndefu kuliko jirani zake. Ukiikosea si suala la ladha tu, maana inaweza kubadilika. Neno "barabara" likikazwa kwenye "ba" ya pili kutoka mwisho ni njia ya magari, likikazwa kwenye "ra" ya kwanza ni sawasawa. Mtunzi asiyesikiliza anaweza kumfanya mwimbaji aseme kazi imefanywa njiani.

Chukueni kipande cha mizani nane, urefu wa utenzi: "Twende pwani tukaoge." Kigaweni katika 2/4, yaani mapigo mawili kwa kipimo, krocheti moja kwa kila silabi. Twe-nde kipimo cha kwanza, pwa-ni cha pili, tu-ka cha tatu, o-ge cha nne. Silabi ya 1, 3, 5 na 7 zimeangukia pigo zito, na ya saba ndiyo ile ya pili kutoka mwisho. Kipande cha mizani nane kinachomalizika kwa neno la silabi mbili au zaidi kitakaza mizani ya saba daima, na katika 2/4 mahali pake ni mwanzo wa kipimo cha nne. Beti ya utenzi ina vipande vinne, kwa hiyo beti moja inajaza vipimo 16 bila kubaki wala kupungua. Urefu huo ndio unaofaa kabisa kwa zoezi la kutunga.

Vipande vingine havitii hivyo ndani yake. "Bahari haina mwisho" nacho kina mizani nane, lakini mkazo uko kwenye ya pili, ya tano na ya saba. Ukikitia katika mgawo ule ule, "ha" ya bahari inaangukia pigo jepesi na masikio yanakataa. Hapa "ba" iwekwe kabla ya mstari wa kipimo kama noti ya kuingilia. Kisha kipimo cha kwanza kichukue "ha" kwa krocheti na "ri-ha" kwa kweva mbili, cha pili "i-na", cha tatu "mwi-sho". Kabla ya kuandika noti hata moja mtoto asome maneno kwa sauti mara tatu huku akipiga kofi kwenye mkazo, achore alama juu ya kila silabi iliyokazwa, ndipo aweke mistari ya vipimo mbele ya alama hizo. Noti za sauti zije mwisho. Wengi huanza na sauti tamu iliyokuwa kichwani, halafu wakayabana maneno ndani yake.

Kuna pia ile "m" na "n" inayosimama peke yake. "Mtu" ni mizani mbili, na mkazo uko kwenye "m". "Nchi" hali kadhalika. Silabi hizo zinahitaji noti yao, na kumnyima "m" noti ni kosa la kuhesabu. Lakini midomo imefungwa, mwimbaji hawezi kuibeba juu kwa muda mrefu. Ipe kweva moja juu ya pigo, katika eneo la kati la sauti, na urefu uupeleke kwa "tu". Linganisha na "mbili" au "ndege", ambazo "m" na "n" zake zimeshikamana na herufi inayofuata na hazidai chochote.

Mwisho wa wimbo una mtego wake. Wanafunzi wanapenda kuiweka do ndefu kwenye pigo zito la mwisho, wakaipa silabi ya mwisho. Kiswahili hakimaliziki hivyo. Iweke ti au re kwenye mizani ya saba, pigo zito, na do ipumzike kwenye ya nane. Au do ishike zote mbili. Kipimo cha nane kiishie kwenye noti ya kordi ya tano, yaani so, ti au re, ili msikilizaji ajue safari haijaisha. Kilele kiwe kimoja, karibu na kipimo cha 11 hadi 13, na sauti nzima isizidi oktavu na noti mbili. Ukiruka mbali, rudi kwa hatua ndogo upande ulikotoka.

Kwa anayetaka 6/8, silabi mbili mbili zipewe krocheti na kweva, ndefu kisha fupi. Ukianza mwanzoni mwa kipimo, mizani ya saba itaangukia pigo la pili, ambalo si zito vya kutosha. Tia mizani mbili za kwanza katika nusu ya kipimo kinachotangulia: mbili hapo, nne katika kipimo kinachofuata, na ya saba inatua penyewe kwenye pigo la kwanza la kinachokuja baadaye.

Kuandikia sauti nne, yaani soprano, alto, teno na besi, hakuhitaji kumalizwa kabla ya Januari, lakini msingi wake uwepo. Mtoto ajue umbali wa noti, na ahesabu ncha zote mbili: C hadi G ni ya tano, si ya nne. Anayepata nne amehesabu hatua kama kwenye rula. Kwa nusu toni, ya tatu ya maina ni 3, ya tatu ya meja ni 4, ya nne kamili ni 5, ya tano kamili ni 7. Kisha ajue kwamba soprano na alto, na alto na teno, haziachani zaidi ya oktavu, na kwamba ti haiongezwi maradufu, yaani haipewi sauti mbili pamoja, bali hupanda kwenda do. Kwaya zinazojipangia sauti kwa kusikia huwa na teno na besi zinazotembea sambamba kwa umbali wa tano, kwa sababu ni rahisi kwa koo. Katika nyimbo nyingi za asili za Afrika usambamba huo ni sahihi na mzuri. Katika zoezi la sauti nne la mtindo wa Ulaya unakatwa alama, kwani kila sauti inatakiwa iwe na njia yake. Mwanafunzi apewe sababu zote mbili, asije akadhani wimbo wa bibi yake una makosa.

Imla inataka utaratibu kuliko kipaji. Ikisikika mara ya kwanza usiandike noti yoyote: tafuta pigo, hesabu vipimo, sikiliza inaishia wapi. Mara ya pili andika mdundo kwa vijiti vitupu juu ya stafu. Mara ya tatu jaza noti ya kwanza, ya mwisho, na zile za mwanzo wa kila kipimo. Mara ya nne jaza zilizobaki. Anayeandika tangu sauti ya kwanza huwa na kipimo kimoja kizuri na vitatu vitupu. Nyumbani, kaka au dada mwenye kinanda cha simu anaweza kumpigia vipimo viwili kila jioni. Kivuko cha Likoni nacho kinampa mtoto muda wa kutosha kuimba moyoni do-mi, do-fa, do-so na kurudi.

Kwa ala, wengi watakuwa na rekoda. Tazameni nyuma yake kabla ya kununua. Mara nyingi pameandikwa G au B. G ni mpangilio wa matundu wa Kijerumani, B ni wa baroki. F ya Kijerumani ni rahisi: vidole vya mkono wa kushoto vyote na kimoja cha kulia. Ya baroki inataka uruke tundu moja na kufunga yaliyo chini yake. Urahisi huo una gharama, kwani F shapu ya Kijerumani ni ngumu kuiweka sawa, na F shapu iko ndani ya kii G, kii ya pili ambayo mtoto atajifunza. Darasa lenye aina zote mbili na chati moja ya vidole litasikika vibaya hata kila mtoto akiwa sahihi. Nunueni baroki.

Unyevu wa Mombasa hauzihurumii ala. Nyuzi za chuma zifutwe kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, vinginevyo chumvi na jasho vitazila, na uzi wenye kutu haushiki sauti. Gitaa, udi na fidla visiachwe ndani ya gari wala karibu na dirisha la jua, gundi hulegea na daraja la nyuzi huinuka. Kinanda kifunikwe kwa kitambaa cha pamba. Nailoni huhifadhi unyevu chini yake, ndipo vibonye vinapoanza kukwama. Na mvulana ambaye sauti inavunjika asilazimishwe soprano yake ya zamani. Aimbe eneo dogo linalomtii, na dakika zilizobaki aziweke kwenye ala.

Wako wazazi wanaouliza kuhusu mitihani ya bodi ya Uingereza, ABRSM. Si sharti kwa sekondari. Anayeitaka ajue kwamba kwa kawaida hawezi kufanya Gredi ya 6 ya ala kabla ya kupita Gredi ya 5 ya nadharia, hivyo nadharia haiwezi kuahirishwa. Wale walio bado katika KCSE, mtihani wa sekondari wa mfumo wa zamani, wana karatasi tatu, 511/1 ya utendaji, 511/2 ya kusikiliza na 511/3 ya nadharia na uchanganuzi, na mazoezi tuliyoyataja yanagusa zote.

Kwa walimu wakuu wa kaunti hii tuna ombi. Mruhusu chumba kimoja kifunguliwe Novemba na Desemba, Jumanne na Alhamisi, saa mbili asubuhi hadi saa nne. Kinachohitajika ni ubao uliochorwa stafu mbili kwa rangi isiyofutika, mistari ikiachana sentimita nne ili aliye nyuma aone, viti 20, na mwalimu mmoja. Karatasi za stafu si lazima zinunuliwe. Ukurasa wa A4 unachukua stafu kumi zilizopigwa kwa rula, mistari ikiachana milimita mbili, na mwanafunzi akizichora mwenyewe kwa kalamu na kuandika noti kwa penseli ya 2B, anaweza kufuta kosa bila kufuta stafu.

Walimu wa muziki,
Mombasa